Nimenunua sarafu ya shaba ya Kaisari Otho: nimuuzie rafiki yangu, au nimweleze mke wangu?

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina umri wa miaka 43, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nihamie Reading, Uingereza, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Mapenzi yangu ya sarafu yalianza na hela moja ya shaba ya mwaka 1910, yenye taji upande mmoja, ambayo marehemu babu aliniachia ndani ya kopo la tumbaku. Nilipofika huku nikagundua kwamba hata mtu wa kipato cha kawaida anaweza kununua sarafu halisi ya Warumi kwa bei ya chakula cha mchana. Nilinunua moja, nikanunua ya pili, na kwa miaka sita sasa ninazo thelathini na nne, nyingi zikiwa zile ndogo za wakati wa Kaisari Konstantino na wanawe.

Mwezi Machi mwaka huu nilikutana na tangazo la muuzaji mmoja kwenye intaneti aliyekuwa na sarafu kubwa ya shaba, sestertio, yenye kichwa cha Kaisari Otho. Upande wa nyuma unamwonyesha Kaisari akishikana mkono na askari mbele ya madhabahu, na kuna maneno SECVRITAS P R. Muuzaji alieleza kwamba ni nadra kupita kiasi na kwamba imetoka katika mkusanyiko wa zamani wa Ulaya, ila hakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha hilo. Nililipa pauni 780 kwa kadi ya mkopo, nikalipia kadi hiyo kwa fedha tulizokuwa tukiziweka kwa ajili ya nauli ya kwenda Tanga mwezi Desemba. Mke wangu aliponiuliza bei, nilimwambia ni pauni 80.

Wasiwasi ulianza nilipoipeleka kwenye klabu ya wakusanyaji. Mzee mmoja Mwingereza aliigeuza, akautazama ukingo wake kwa muda mrefu, akanirudishia, na hakusema lolote ila kuniuliza kama nimeipima uzito. Nilikaa wiki tatu bila kuthubutu. Nilipoipima hatimaye, mizani ilionyesha gramu 20 na ushei. Nakuambatishia picha nne, mbili zikiwa za ukingo.

Sasa kuna kijana wa kwetu ninayefanya naye kazi ghalani, ambaye ameanza kukusanya kwa sababu yangu. Ameiona sarafu hiyo, ameipenda, na anasema yuko tayari kunipa pauni 700. Nikiichukua fedha hiyo, nauli itarudi mahali pake na mke wangu hatajua lolote. Sijamwambia kijana kwamba ni ya kweli wala kwamba si ya kweli.

Jambo la pili ni dogo. Sarafu zangu nne za Konstantino zilikuwa na uchafu mwingi, nikazisafisha kwa ndimu na chumvi kama mama alivyokuwa akisafisha sinia zake za shaba. Ziling'aa vizuri sana. Baada ya miezi miwili zimeanza kutoa unga wa kijani kibichi, na kila nikiufuta unarudi. Je, zimeharibika?

Naomba ushauri wako.

Mkusanyaji wa Reading

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na picha zako nimezitazama kwa kioo cha kukuzia mchana kutwa, kwa sababu sikutaka kukuvunja moyo kwa haraka. Nitakueleza ninachokiona kama kilivyo.

Otho alitawala Roma kuanzia tarehe 15 Januari hadi tarehe 16 Aprili mwaka 69, yaani miezi mitatu tu, katika ule mwaka ambao Roma iliona makaisari wanne. Katika muda huo karakana ya Roma ilitoa kwa jina lake sarafu za dhahabu na za fedha, na hizo zimebaki hadi leo, ingawa si nyingi. Sarafu ya shaba ya Otho kutoka karakana ya Roma, hata moja, haijapata kukubaliwa na wataalamu kuwa ya kweli. Shaba zake halisi zilitengenezwa mashariki, hasa Antiokia, na za Antiokia nyuma yake hazina askari wala madhabahu, zina herufi mbili kubwa, SC, ndani ya shada la majani. Kwa hiyo kabla ya mizani, kabla ya ukingo, kabla ya rangi, picha ya upande wa nyuma peke yake imekwisha kutoa jibu. Maneno SECVRITAS P R ni ya kweli kwa maana kwamba yamo kwenye sarafu za fedha za Otho, na ndiyo maana yanawapotosha watu, lakini sestertio yako haikutoka Roma ya Otho.

Ilitoka wapi, basi? Katika karne ya 16 mji wa Padova nchini Italia ulikuwa na fundi hodari aliyeitwa Giovanni da Cavino, aliyezaliwa mwaka 1500 na kufariki mwaka 1570. Huyu aliwatengenezea matajiri na wasomi wa zama zake sarafu kubwa kwa mtindo wa Kirumi, na kwa kuwa kila mkusanyaji alitaka kukamilisha safu ya makaisari na pengo la Otho lilikuwa halizibiki, yeye alilijaza. Otho wake ndiye huyo unayemwona akishikana mkono na askari. Chapa za chuma alizotumia nyingi zimehifadhiwa Paris, katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Kazi aliyoigonga Cavino mwenyewe ina wapenzi wake na ina bei yake ya haki, maana ni sanaa ya karne ya 16. Lakini baada yake walikuja watu waliochukua kazi zake, wakazikandamiza kwenye udongo wakapata kalibu, wakasubu nakala za nakala kwa miaka mia kadhaa, na ninavyoona mimi sarafu yako imo katika kundi hilo.

Tazama picha yako ya tatu, ile ya ukingo. Pana mstari mwembamba unaozunguka sarafu yote, na juu yake kuna mikwaruzo inayolala upande mmoja. Huo ni mshono wa kalibu yenye pande mbili, na mikwaruzo ni ya tupa ya mtu aliyejaribu kuuondoa. Sarafu ya Kirumi ilitengenezwa kwa kugongwa: kipande cha shaba kiliwekwa kati ya chapa mbili, fundi akapiga nyundo, na shaba ikasukumwa kutoka katikati kwenda pembeni. Ndiyo maana herufi za sarafu halisi, hata ikiwa imechakaa, zina miguu iliyosimama wima, na ukingo mara nyingine umepasuka kidogo pale ambapo nyundo ilizidi nguvu. Zako zimeyeyuka kama sabuni iliyolala majini, na kwenye shavu la Otho kuna vishimo vidogo vidogo vya mviringo ambavyo ni mapovu ya hewa. Gramu 20 nazo zinasema jambo lile lile, kwa kuwa sestertio ya wakati ule ilikuwa na uzito wa gramu 25 hivi, na nakala iliyosubiwa husinyaa inapopoa. Uzito peke yake usingenitosha, kwani zipo sestertio halisi nyepesi, lakini hapa mambo yote yanaelekea upande mmoja. Yule mzee wa klabuni aliyaona yote hayo kwa dakika moja, na nadhani alinyamaza kwa adabu. Rudi kwake umwombe akuonyeshe jinsi anavyoutazama ukingo, kwa kuwa somo hilo halifundishiki vizuri kwa maandishi.

Nije sasa kwa kijana wa ghalani, ambaye amenikosesha usingizi kuliko sarafu yenyewe. Umeandika kwamba hujamwambia kuwa ni ya kweli wala kuwa si ya kweli, kana kwamba ukimya huo ni mahali pa kusimama. Mwanangu, hapo hapasimamiki. Kijana huyu ameanza kukusanya kwa sababu yako, macho anayotumia kutazama sarafu ni yako aliyoazima, na kwa hiyo ukimya wako kwake ni maelezo ya bidhaa. Ulipokuwa hujui, ulikuwa mnunuzi aliyedanganywa. Tangu uliposoma jibu hili, ukiichukua pauni 700 kwake unakuwa wewe ndiye muuzaji asiye na karatasi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 kuhusu udanganyifu inamhusu pia mtu anayeuza kwa kuficha jambo analopaswa kulisema, lakini nisingependa uache kwa kuogopa sheria. Ningependa uache kwa sababu mtu wa kwenu akikuamini ugenini, amekukabidhi kitu ambacho pauni 700 haziwezi kukirudisha. Mwite, mpe sarafu mkononi pamoja na kioo cha kukuzia, mwonyeshe mshono na mapovu, mwambie bei uliyolipa. Atakuwa amejifunza bila gharama jambo ambalo wewe umelilipia pauni 780.

Kuhusu fedha zenyewe, mlango haujafungwa. Kwa kuwa ulilipa kwa kadi ya mkopo, na bei ni zaidi ya pauni 100 na haizidi pauni 30,000, Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974, kifungu cha 75, inaifanya kampuni iliyokupa kadi iwajibike pamoja na muuzaji endapo bidhaa si ile iliyoelezwa, mradi ulimlipa muuzaji moja kwa moja na si kupitia kwa mtu wa kati. Anza kwa kumwandikia muuzaji kwa heshima, umtajie kwamba karakana ya Roma haijulikani kutoa shaba ya Otho, na umwombe arudishe fedha. Usimtukane na usimwite mwizi, maana inawezekana naye aliuziwa. Hifadhi tangazo lake lenye neno "nadra", risiti na picha. Tafuta pia maoni ya maandishi kutoka nyumba ya mnada yenye wataalamu wa sarafu za kale, maana kampuni ya kadi haitaisikiliza barua yangu. Muuzaji akikataa au akikaa kimya, wasilisha dai lako kwenye kampuni hiyo.

Lakini kabla hujaandika barua hata moja, zungumza na mke wako. Majibu ya madai kama haya huja kwa posta na kwa simu, na ni aibu kubwa zaidi akakuta barua yenye pauni 780 juu ya meza kuliko kuisikia kutoka kinywani mwako. Ile saba uliyoiondoa kwenye bei ndiyo itakayomuumiza, kuliko sarafu. Usimweleze historia ya Otho siku hiyo. Mwambie ulimdanganya bei, mwambie fedha zimetoka kwenye nauli, mwambie unavyokusudia kuzirudisha, na kama fedha za kadi hazitarudi kabla ya Desemba, uwe umekwisha kuamua ni sarafu gani kati ya zile thelathini na tatu utaziuza. Ukifika mbele yake na uamuzi huo mkononi, mtazungumza kama watu wawili wenye tatizo moja.

Sasa zile nne za Konstantino. Unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukiufuta ni ugonjwa wa shaba, na kwa bahati mbaya dawa yako ya ndimu na chumvi ndiyo iliyouchokoza. Mama hakukosea: sinia yake ilikuwa ya shaba nzima, haikupata kuzikwa, na aliisuuza na kuikausha kila mara. Sarafu iliyolala ardhini miaka 1,700 ina ngozi ya kijani au ya kahawia, ngumu na laini kwa kidole, ambayo wakusanyaji huiita patina, na ngozi hiyo ndiyo inayoilinda. Asidi ya ndimu imeichuna, na kloridi ya chumvi imeingia kwenye vinyweleo vya shaba. Kila hewa inapokuwa na unyevu, kloridi hiyo hutengeneza asidi inayokula shaba, na mabaki yake ndiyo huo unga. Uking'oa unga kwa kijiti cha meno utakuta kishimo chini yake.

Zitenge hizo nne leo. Ondoa unga kwa kijiti cha mti, kamwe si kwa brashi ya waya, kisha zilaze katika maji yaliyokenekwa, yale ambayo kwetu huuzwa kama maji ya betri, nami nasema maji, si asidi yake. Badilisha maji kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, maana kloridi hutoka polepole. Mafundi wa makumbusho hutumia pia kemikali iitwayo sodiamu seskwikaboneti, na utafurahi kujua kwamba hiyo ndiyo asili ya magadi tunayopikia maharage. Ila usitumie magadi ya sokoni, kwa sababu yana chumvi nyingine ndani yake, na tutakuwa tumerudi kule kule. Baadaye zikaushe kabisa kwa joto dogo na uzihifadhi kwenye kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Zichunguze baada ya mwezi. Mng'ao hautageuka kuwa ngozi ya zamani, lakini zinaweza kuponywa. Na kama umezihifadhi nyingine katika bahasha laini za plastiki ya PVC, zitoe, kwa sababu plastiki hiyo nayo huchuja asidi na kuacha ute wa kijani.

Umetaja neno "nadra" mara moja tu katika barua, lakini naliona katika kila mstari wake, kwa hiyo sitaliacha. Mwaka 1900 magharibi mwa Ufaransa ilipatikana sarafu moja ndogo ya mtu aliyejiita Kaisari Domitianus, ambaye alijitangaza huko mwaka 271 hivi. Ilikuwa peke yake duniani, na kwa miaka mia moja wataalamu wengi waliikataa wakidhani ni ya kughushi. Mwaka 2003 mtu mwenye kifaa cha kutafutia chuma alifukua mtungi huko Chalgrove, Oxfordshire, uliojaa sarafu karibu 5,000 zilizogandamana, nyingi zikiwa za shaba yenye fedha kiduchu. Zilipotenganishwa moja moja, mmoja alikuwa Domitianus, na alikuwa amegongwa kwa chapa zile zile za sarafu ya Ufaransa. Siku hiyo sarafu mbili zikathibitishana. Ile ya Chalgrove iko katika makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford, na kutoka Reading ni safari fupi ya treni. Nenda ukaitazame na watoto. Ni sarafu ndogo, sura yake haivutii, na mtu asingeigeukia sokoni. Kilichoifanya iaminike ni ule mtungi na ardhi ilimotoka, yaani kile kile ambacho muuzaji wako hakuwa nacho.

Ndiyo sababu nakuomba urudi kwenye zako ndogo bila kuziona duni. Ukipata ile yenye maandishi VRBS ROMA, iliyotolewa kuanzia mwaka 330, iweke kwenye mwanga wa dirisha: mbwamwitu jike amegeuza shingo kuwatazama mapacha wawili wanaonyonya, na juu yake pana nyota mbili, vyote hivyo katika duara dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Chini ya mbwamwitu kuna herufi za karakana, TRP au TRS kwa Trier, SIS kwa Siscia, SMAN kwa Antiokia. Tafuta pia zenye PLON, maana hizo zilitengenezwa London yenyewe kabla karakana yake haijafungwa mwaka 325. Kuna sarafu ambazo kaisari wake ni wa kawaida, lakini alama yake ya karakana ni adimu kweli kweli, na muuzaji asiyejua kuisoma atakuuzia kwa bei ya zile nyingine. Unadra wa namna hiyo huupata kwa kusoma.

Tena wewe una haki na shaba hizi kuliko unavyodhani. Sarafu ya shaba ya zama za mwisho za Kirumi wataalamu huiita folisi. Wagiriki wakaitamka kwa namna yao, Waarabu wakaiita fals na wingi wake fulus, na neno hilo likavuka bahari hadi pwani yetu likawa fulusi. Hela nayo ni ile heller ya shaba ya Wajerumani, kama ya babu yako.

Fedha zikirudishwa, muuzaji atataka sarafu yake. Fedha zisiporudi na Otho akabaki kwako, usimtupe, mweke mbali na zile nyingine, na juu ya bahasha yake andika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili watoto wako wasome hata kama wewe hupo: "Nakala iliyosubiwa, kwa mfano wa kazi ya Cavino wa Padova. Isiuzwe kama sarafu ya Kirumi."